Mama Mistari na kurasa nyeupe za kitengo cha figo

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Mistari ana simu mbili, moja kwa kila sikio.

Kwenye sikio la kulia yuko dada yake mkubwa, anapiga kelele za furaha kutoka nyumbani kwake. "Mdogo wangu, nimeuona! Herufi kubwa kama za bango la duka. Kesho saa nne, mashine namba tano. Nimesoma mwenyewe, wala miwani sikuvaa!"

Kwenye sikio la kushoto yuko mkuu wa kitengo cha kompyuta, aliye ghorofa ya juu, kijana wa umri wa kuwa mwanawe. Yeye hacheki. "Mama, ukurasa ni mweupe. Mweupe pe! Umeifanya nini seva?"

Wote wawili wamefungua ukurasa uleule, kutoka seva ileile, dakika ileile. Na wote wawili wanasema kweli.

Mama Mistari anaweka simu zote mezani taratibu, kama mtu anayeshusha mayai. Ana miaka hamsini na miwili. Chumba anachofanyia kazi kilikuwa stoo ya mashuka ya hospitali, na rafu za mbao bado zipo ukutani. Katikati limesimama kabati la chuma lenye taa ndogo za kijani zinazopepesa. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, tone baada ya tone.

Ndani ya kabati hilo imo seva, kompyuta inayojibu kila mtu anayefungua ukurasa wa hospitali kwenye simu yake. Ukurasa unaofunguliwa kuliko yote ni ratiba ya kitengo cha figo. Wagonjwa wanaosafishwa damu hapa ni mia moja na kumi na wanane. Mashine ni tisa, na aghalabu mbili zinasubiri vipuri. Kwa hiyo saa za wagonjwa hubadilika kila wiki, na orodha mpya hupandishwa kila Alhamisi saa sita mchana.

Leo ni Alhamisi.

Wagonjwa wenye simu janja husoma ratiba wakiwa kitandani. Lakini arobaini na watatu wana simu ndogo za batani, na ukurasa ule, pamoja na picha na mapambo yake, ni mzito kwao kama gunia la saruji. Haujawahi kufunguka. Wao hutegemea karatasi inayobandikwa getini. Dada yake Mama Mistari ni mmoja wao. Hutembea na kusafiri saa mbili kuja na saa mbili kurudi, miguu imevimba, ili asome mstari mmoja.

"Nilikuwa nikimwona pale getini kupitia dirisha lile," anasema Mama Mistari. "Anasoma, anageuka, anaondoka. Hata maji hanywi, maana maji yenyewe daktari amempimia. Nikasema, hapana. Huu mstari mmoja utamfuata yeye."

Ndipo alipoanza kuandika moduli. Moduli ni kipande cha programu kinachochomekwa kwenye seva ili kuifundisha kazi ambayo haikuijua. Ya kwake ilikuwa na kazi moja: kutambua ombi linalotoka kwenye simu ndogo, kuondoa mapambo yote, na kurudisha maneno matatu manne kwa herufi kubwa. Imemchukua miezi saba, akiandika baada ya saa za kazi. Leo saa moja na nusu asubuhi ameichomeka kwa mara ya kwanza kwenye seva yenyewe.

Na sasa simu janja zote zinaona ukurasa mweupe.

Mlango unafunguliwa bila hodi. Ni sista mkuu wa kitengo cha figo, ameshika kiuno.

"Huko kwangu simu hazinyamazi. Watu wa kesho wanauliza saa zao. Mmoja ameniuliza kama hospitali imefungwa!"

"Nipe dakika moja, sista."

"Moja ya saa au moja ya mafundi?"

Mama Mistari anafungua faili la usanidi, lile linaloiambia seva ipakie nini na iache nini. Anautafuta mstari unaoita moduli yake, na mbele ya mstari anaweka alama ya reli, #. Kwa seva, mstari wenye alama hiyo ni kama haupo. Anaiomba seva ikague maandishi, nayo inajibu kuwa ni sahihi.

"Inakagua kama umeandika vizuri," ananong'ona. "Haikagui kama una akili."

Anaiamuru isome usanidi upya. Haipiti nusu dakika, sista anaitazama simu janja yake na kushusha pumzi. Ratiba imerudi.

Ile simu ndogo ya mezani inalia.

"Wewe mtoto," anasema dada yake. "Nilikuwa namwonyesha jirani. Ukurasa umekufa. Umenipa asubuhi, umeninyang'anya asubuhi hiyohiyo?"

"Dada, nimekosea mahali."

"Basi kosoa ulipokosea. Jirani bado amekaa hapa, hataki kuondoka."

Mkuu wa kitengo cha kompyuta anashuka ngazi mwenyewe. Si mtu mkali, lakini ana mzigo. Saa nane mchana anatakiwa kupeleka ripoti kwa mganga mkuu.

"Mama, orodha mpya inapanda saa sita. Moduli ikirudi kabla ya hapo, na ikafanya kazi kwa kila simu, nakwenda kubandua ile karatasi getini kwa mkono wangu. Isiporudi, tunaiacha moja kwa moja. Seva ya hospitali si uwanja wa kujaribia."

"Nimekuelewa, bosi."

"Na usiniite bosi."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Saa tatu kasoro dakika kumi. Anafungua logi, daftari ambamo seva yenyewe huandika kila ilichoombwa na kila ilichojibu, mstari kwa ombi. Hapa ndipo alipopatia jina lake: huisoma logi kwa sauti ya chini, mstari baada ya mstari, kidole kikiteremka kwenye kioo. Wenzake walidhani anaomba. Wakati mwingine ni kweli.

Mistari ya asubuhi hii inashangaza. Kila mmoja una namba mia mbili, na kwa lugha ya seva mia mbili maana yake ni "sawa, nimejibu". Daftari la makosa ni tupu. Simu janja zimeuomba ukurasa mara tisini na sita, na seva inaapa kwamba imejibu mara zote tisini na sita.

Anaijaribu tena moduli kwenye kompyuta ya majaribio iliyo pembeni, kwa simu yake ya batani. Inafunguka. Anachukua nyingine. Inafunguka. Kwa miezi saba aliijaribu moduli hii kwa simu saba, zote ndogo, alizoazima kwa wapishi, walinzi na dada yake. Hakuna hata moja iliyokataa.

Saa nne inapita. Ndoo ya kiyoyozi inajaa, anaimwaga, anarudi. Anaweka viganja viwili juu ya meza na kufumba macho. Akiulizwa baadaye alisema nini, anatabasamu kwa haya. "Nilimwambia Mungu, nionyeshe kosa langu kabla halijamwonea mtu."

Mwanamke huyu hakuanzia kwenye kompyuta. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali hiihii: kupiga deki, kubadilisha mashuka, kugawa na kukusanya sinia za chakula. Alianza masomo ya jioni akiwa na miaka arobaini na moja, siku tano kwa wiki, akiwa bado na harufu ya dawa ya sakafu mikononi. Darasani walimwita Shangazi. Mtihani wa kwanza alianguka. Wa pili akaanguka tena.

"Mwalimu aliniuliza, Shangazi, huchoki? Nikamwambia, mwalimu, mimi nimepiga deki korido moja mara elfu sita. Nichoshwe na mtihani wa mara mbili?"

Na ni wodini, si darasani, alikojifunza jambo lililomwokoa leo.

"Kule wodini kila mgonjwa ana cheti chake," anaeleza. "Kimeandikwa, mgonjwa amepewa chakula cha mchana. Sahihi ipo, saa ipo. Daktari anasoma, anaridhika. Lakini anayebeba sinia kurudi jikoni ni mimi. Sinia limejaa. Cheti hakijadanganya, chakula kilipelekwa kweli. Ila mgonjwa hajala."

Saa nne na nusu, kidole chake kinasimama kwenye kioo. Amekuwa akisoma cheti. Sinia liko wapi?

Anasogeza kidole upande wa kulia, kupita ile mia mbili, hadi safu ya mwisho ambayo watu wengi hawaiangalii. Safu hiyo inaonyesha ukubwa wa jibu lililotumwa. Kwa simu ndogo, kuna namba: mia tatu na kidogo, mia nne. Kwa simu janja, hakuna namba. Kuna kistari kifupi tu, maana yake hakikutumwa kitu.

Kistari. Kistari. Kistari. Mara tisini na sita.

"Ee Mola," anasema.

Ni vizuri kuelewa alichokiona, kwa sababu ni cha ajabu kwa udogo wake. Seva hupitisha kila ombi mbele ya moduli zake kama faili linalopita kwenye meza ndefu ya makarani. Kila karani hulitazama. Likiwa lake, hulishughulikia na kusema "nimemaliza". Lisipokuwa lake, husema "si langu", na faili linakwenda kwa anayefuata. Moduli ya Mama Mistari ilizitambua simu ndogo na kuzihudumia vizuri. Lakini ilipokutana na simu janja, haikufanya lolote, kisha ikasema "nimemaliza". Faili likaishia pale, tupu, na sahihi juu yake.

Anafungua msimbo wake, yale maandishi aliyoitungia moduli. Mistari mia nne na kumi na miwili. Mstari wa mwisho kabisa, mahali palipotakiwa jibu la kukataa, yeye aliandika la kumaliza.

Mkuu wa kitengo cha kompyuta, aliyekuwa amesimama mlangoni, anainama kutazama. "Neno moja?"

"Neno moja. Nilikuwa nawaza wenye simu ndogo tu. Miezi saba sikumfikiria hata mara moja mtu mwenye simu nzuri. Nilidhani wao hawana shida."

Kijana anatikisa kichwa. Ana shahada mbili, na anakiri kwamba yeye angeisoma ile mia mbili na kwenda kutafuta kosa kwenye mtandao wa simu. "Ningetafuta siku tatu," anasema. "Mama huyu ananitisha, kwa wema."

Neno linabadilishwa. Msimbo unageuzwa upya kuwa moduli. Ni saa tano na dakika tano, na safari hii Mama Mistari hataki kujidanganya tena. Anabeba kompyuta ya majaribio hadi korido ya kusubiria, anaiweka kwenye kiti, na kusema kwa sauti ya mhudumu wa wodi: "Jamani, naomba simu zenu! Nzuri, mbovu, zenye nyufa, zote."

"Utazirudisha?" anauliza mzee mmoja.

"Nikikimbia nazo, si mnajua ninapofanya kazi?"

Korido inacheka. Simu ishirini na mbili zinapangwa kwenye benchi: za vioo, za batani, moja imefungwa kwa mpira, moja ya mtoto wa daktari yenye masikio ya sungura. Anazifungua moja baada ya nyingine, na wagonjwa wanainuka kuchungulia. Kubwa zinaonyesha ukurasa wenye picha. Ndogo zinaonyesha herufi kubwa. Ishirini na mbili, na hakuna nyeupe.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili, anarudi chumbani na kuifuta ile alama ya reli. Seva inakagua, inasema sawa. Anaiamuru isome upya, na safari hii macho yake yako kwenye safu ya mwisho.

Saa sita kamili, sista anapandisha orodha mpya. Logi inaanza kutembea, kisha inakimbia. Mistari inapanda kioo kwa kasi, na kila mstari ni mtu mahali fulani anayeuliza atapata lini damu safi. Namba zinafuatana: elfu arobaini kwa simu janja, mia tatu na sitini kwa simu ndogo, tena elfu arobaini, tena mia nne na tano. Kistari hakuna. Mama Mistari anaziba mdomo kwa kiganja. Mkuu wa kitengo cha kompyuta anatafuta kwenye droo kitu cha kubandulia gundi.

Simu ya kitengo cha figo inalia. Sista anasikiliza, anakunja uso, kisha anaingia mbio na simu imewekwa sauti ya juu.

"Nani kaniweka saa kumi na mbili asubuhi?" inafoka sauti ya mzee. "Mimi si jogoo!"

"Baba, umeyasoma wapi hayo?" anauliza Mama Mistari.

"Kwenye kisimu changu hiki cha batani, kwingine wapi? Herufi zenyewe zinapiga kelele!"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mama Mistari anakaa kwenye kiti, anacheka hadi machozi. Yule mzee anaendelea kugomba, na yeye anamwacha agombe.

Mchana akila chakula chake kwenye rafu ya mashuka, anasema kazi haijaisha. Kati ya wale arobaini na watatu, sita hawajui kusoma, na bado wanategemea mjukuu au jirani awaambie. "Mtu ni haki yake kuijua saa yake mwenyewe bila kumwomba mtoto wa shule," anasema. Anataka kuandika moduli nyingine, itakayoitamka ratiba kwa sauti mgonjwa akipiga simu. Ameshajiandikisha darasa la jioni la miezi minane.

"Wameniambia ni vigumu," anasema, akifuta mikono. "Lakini tangu nianze kusoma, hakuna aliyewahi kuniambia kitu ni rahisi. Nimezoea kuanza hivyo."