Nyumba Yangu Kwenye Mchezo Wao

Rashad alianza na kibanda cha kutengeneza simu hapa mtaani kwetu Likoni. Baadaye akaleta wenzake na kompyuta, wakasema wanaunda michezo ya video. Wallahi sikuwaamini! Kutwa kuipiga picha nyumba yangu: mlango, baraza, hata paa la makuti. Huku kwetu, nyumba ikipigwa picha leo, kesho huja tingatinga.

Nikajitanda leso, nikawaendea. Rashad akaniamkia kwa adabu, akanionyesha nyumba yangu ndani ya kompyuta, watu wakikimbizana uani.

"Umeona, bibi? Ni mchezo tu."

"Na hiyo nyumba ya humo ndani ni ya nani?"

"Ya kampuni yetu. Tushaisajili."

Mimi nimezeeka nikiomba hati ya nyumba hiyo hiyo.