Wali Mwekundu wa Ghorofa ya Nne

Jumapili iliyopita nilishuka basi Peckham, kusini mwa London, makusudi, ingawa sikuwa na shughuli yoyote huko. Nilitaka tu kuliona jumba letu. Halipo, rafiki yangu. Wamelibomoa lote, wakazungushia mbao zenye picha za watu wanaocheka kwenye varanda, na hakuna hata mmoja anayefanana na sisi tulioishi pale. Nikasimama nikatabasamu peke yangu, kwa sababu pua yangu ilikuwa haijapata habari. Ilikuwa bado inanusa wali.

Tulikaa ghorofa ya nne, mimi na mama, tuliotoka Mombasa nikiwa mtoto wa kubebwa. Mama alikuwa kea, akiwatunza wazee majumbani mwao. Mlango wa pili alikaa bibi mmoja wa Jamaika, aliyekuja London akiwa msichana. Alimwita mama "Mombasa", kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mama naye alimwita Anti. Mimi nilimwita Bibi, na hakuna aliyenikataza.

Kila Jumapili Bibi alipika wali wa maharagwe wa kwao, na hapo ndipo mama alipomshangaa. Kwetu wali wa nazi huwa mweupe, na maharagwe yana sufuria yake, hukutana sahanini. Kwa Bibi vyote viliiva sufuria moja, pamoja na tui, thaimu, vitunguu vya majani na pilipili mbuzi nzima ikielea juu, na ole wako uipasue kwa mwiko. Wali ulitoka mwekundu kama udongo wa Voi. Bibi aliacha mlango wazi, redio ikiimba nyimbo za kanisa, harufu ikashuka ngazi yenyewe, na majirani wa chini wakapanda na mabakuli bila kualikwa.

Kisha siku moja Bibi akasahau sufuria motoni. Kengele ya moshi ikalia, jumba zima tukashuka nje na kandambili kwenye baridi. Mwanawe, mtu mzima aliyekaa Hounslow na kufanya kazi uwanja wa ndege, akaja akasema jiko litaondolewa. Bibi ataletewa chakula cha pakiti, awe anapasha kwenye maikrowevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu. Lakini nilimwona Bibi alivyoshika kishikio cha oveni, kama unavyomshika mtoto mkono wakati wa kuvuka barabara.

Mama, sare ya kazi bado mwilini, akasema yeye atasimama naye kila Jumapili. Yule bwana akafikiri, akakubali kwa shingo upande: atakuja kula Jumapili inayofuata, na akiona mambo hayaendi, jiko analipakia garini siku hiyo hiyo.

Siku ikafika. Mikono ya Bibi ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo alikaa kitini akawa anaamuru, mama akawa anapika. Maharagwe yalipokaribia kuiva, Bibi akaenda chumbani kuvaa wigi, maana yeye hakupokea mgeni kichwa wazi. Huku nyuma mama akafanya kile alichofundishwa na mama yake, na kila mwanamke wa kwetu. Akainua sufuria, akamwaga yale maji mekundu yote kwenye sinki, kwa sababu ndiyo yaletayo gesi tumboni. Akayasuuza maharagwe mpaka yakang'aa. Akatia tui, jeupe pepepe, akaridhika kabisa.

Bibi akarudi. Akachungulia sufuria, akachungulia sinki.

"Mombasa," akasema taratibu, "umemwaga rangi yangu."

Maharagwe mengine hayakuwepo, na haya yalirowekwa tangu jana yake. Mama alitaka kulia. Akasema atamweleza yule bwana kwamba kosa ni lake. Bibi akakataa katakata, akaamuru mchele utiwe.

Mwanawe akafika, akafunua sufuria. Wali mweupe, maharagwe yamekaa ndani yake kama vifungo vya shati. Akaonja, akaweka uma chini.

"Hiki si chakula chako, Mama."

"Ni changu. Siku zote nimepika kwa mikono yangu, leo nimepika kwa yake. Ukitaka kubeba jiko, beba. Lakini unipishe kwanza, nipakue."

"Mbona hauna rangi?"

"Mombasa kaimwaga. Anaogopa nisije nikajamba kanisani."

Yule bwana alijitahidi kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasogeza sahani aongezwe, na jiko likabaki pale pale ukutani.

Likabaki mpaka Bibi alipofariki, kitandani kwake, Jumapili zake zote akiwa amezipika yeye, mama akiwa ndiye mikono. Baadaye wakatuhamisha sote, jumba libomolewe. Mama na mimi tukatupwa Hayes, upande wa pili wa London, wengine sijui wako wapi. Kilichopotea si matofali, matofali hayakuwa mazuri hata kidogo. Ni ule mlango ulioachwa wazi. Ninapokaa sasa kila mtu anafunga wake, na jirani akinusa chakula chako anafungua dirisha.

Mimi shule sikwenda nayo mbali. Nafanya kazi kwenye bohari, napanga maboksi, na huku napanga mkahawa wangu kichwani: meza tano, Peckham hiyo hiyo, wali mwekundu kila Jumapili, mlango wazi. Wananiambia msichana wa Mombasa hawezi kuuza chakula cha Jamaika. Wananiambia Peckham ya siku hizi si ya watu kama sisi. Wacha waseme. Bibi alilipigania jiko lake akiwa kitini, mikono inatetemeka.

Yangu haitetemeki.