Sura ya Tata kwenye Kioo cha Kijivu

Mi ni mtu wa hasira za haraka, na tableti zangu mbili za kusomea vitabu zimeshaniona nikifoka. Zote zina kioo cha kijivu kisichong'aa, kinachotulia machoni kama karatasi. Ndiyo maana mama aliniomba nimwekee humo picha ya tata, baba yangu. Tangu apasuliwe macho, mwanga wa simu unamtoa machozi.

Picha yenyewe ni ile ndogo ya kadi yake ya kazi ya mgodini. Tata alifariki kabla sijaanza shule. Kuna jambo lilikuwa limemkaa mama moyoni, akanieleza bila kuzunguka: "Sura yake inaanza kunipotea, mutoto wangu. Nikifika kule juu, nitamujua namna gani?"

Basi tukakaa barazani kwetu Musonoi, mchana ule mzito ambao hata vumbi la malori huelea polepole, kama halina pa kwenda. Tableti ya kwanza ilifungua picha upesi, lakini weusi wote ikauchanganya pamoja. Kila nikivuta kwa vidole viwili niikuze, kioo kinapepesa, kinakuwa cheusi chote, halafu tata anarudi hana pua.

"Huyu ni nani?" mama akauliza. "Umeniletea makala ya kupikia?"

Nilicheka tata kuitwa makaa, ingawa nilitamani kuitupa tableti uani. Ya pili ni pana zaidi na ina kalamu yake. Humo picha ilitokea imefifia, karibu ukungu mtupu, ila tableti hii inakubali ulaze picha chini na kuchora juu yake. Kalamu ikakwaruza taratibu, nami nikafuata taya, masikio, nyusi. Kisha nikaiondoa picha ya chini. Kwenye kijivu kile akabaki mwanaume wa mistari tu, kijana kuliko mimi.

Mama akainama. "Sikio lilikuwa mbali kidogo na kichwa." Nikafuta, nikalisogeza. "Na mudomo, hakukuwa anaufunga hivi. Alikuwa mutu wa kucheka." Nikaufungua kidogo. Muda huo sikusikia lori wala jirani. Nilikuwa namchora mtu ambaye hata sauti yake siikumbuki, na nilifurahi.

"Njo ye," mama akasema. "Kweli kabisa, njo ye mwenyewe."

Akamwangalia muda mrefu, na tabasamu likamwisha usoni. Akavua kitambaa cha kichwani, mvi zote zikawa nje.

"Aa, mi nitamujua. Ye njo hatanijua. Aliniacha niko musichana."

Akajiweka sawa kwenye kiti, akanitazama.

"Nichore na mi pembeni yake, vile niko leo. Usinipunguzie mikunjo hata moja. Aanze kunizoea."