Loisi na Shamba la Kando ya Barabara Kuu

Pale kijijini kwao, juu kidogo ya Vwawa, Loisi Nzowa alijulikana kwa sauti nyembamba ya kwaya na miguu isiyotulia. Yeye na mumewe Barnaba walioana vijana, wakapewa pori lililopakana na barabara iendayo Tunduma, wakalifyeka mpaka likawa shamba la kahawa.

Asubuhi ile alikuwa kwenye kahawa, kikapu kiunoni, jirani yake Imelda alipotokea mbio.

"Mama Kefa! Halmashauri ya kijiji imekaa. Baba Kefa anauza shamba!"

Loisi alidhani ni utani. Kumbe Ferdinand, mfanyabiashara wa Tunduma, alikuwa anatafuta pa kuegeshea malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na Barnaba, ambaye toka ujana aliota kumiliki lori lake, alikuwa amenaswa na bei aliyoahidiwa.

Kikapu kikaanguka. Loisi akakaza kanga, akashika njia. Majuzi tu, baada ya ibada, msaidizi wa kisheria aitwaye Mercy alikuwa amewaambia akina mama: "Ardhi ya familia haiuzwi kwa kauli ya mmoja. Mwenzi lazima aridhie, na halmashauri ya kijiji nayo ikubali." Loisi alikuwa ameyasikia kama mtu anavyosikia habari za nchi ya mbali. Leo yalikuwa yanamchemka kifuani!

Alipofika mlangoni mwa ukumbi wa kijiji, mwenyekiti, mzee Anania, alikuwa anauliza, "Na mama anasemaje?"

"Ameridhia," Barnaba akajibu, macho chini.

"Sijaridhia!"

Vichwa vyote vikageuka. Loisi hakujua sauti ile kubwa ilitoka wapi. "Shikamoo mwenyekiti, shikamooni wazee. Nililifyeka pori lile nikiwa na mimba. Sheria inataka ridhaa yangu, na mimi sijaitoa."

Mzee Anania akaitikia kwa kichwa. "Mama yuko sahihi. Hapa hapauzwi kitu."

Barnaba akanyanyuka, uso umemvimba. "Sawa. Na lile eneo la parachichi ulilotaka kumuuzia dada yako bila kuniuliza?"

Ukumbi ukacheka. Loisi akaduwaa, kisha naye kicheko kikamtoka. "Baba Kefa, kumbe sheria imenishika na mimi! Lile eneo siwezi kuliuza bila wewe."

Hapo hasira ya Barnaba ikayeyuka. "Niliogopa ungekataa," akasema taratibu.

"Ningekataa kuuza penye kahawa. Lakini ile kona ya mawe, isiyoota hata magugu, mbona hukuniuliza?"

Ferdinand, aliyekuwa ameshika funguo za gari tayari kuondoka, akarudi kukaa. Kona ile ilimtosha. Wakakubaliana apangishe, si kununua, na mume na mke wakatia saini wote wawili mbele ya halmashauri.

Loisi alirudi nyumbani akiimba njia nzima, Barnaba nyuma yake akijaribu besi. Jumapili iliyofuata alimshika Mercy mkono mlangoni mwa kanisa.

"Mwalimu, leo usiwafundishe akina mama peke yao," akamwambia. "Nimekuletea na Baba Kefa, na ana maswali mengi!"