Kalamu Haiazimwi

Hata leo nikiikumbuka ile kalamu, roho inanichemka. Nilikuwa karani kule Kabambare, wakati wa Wabelgiji, na kalamu za wino zilikuwa zimenitia wazimu. Nilikuwa nazo tano. Nne zilikuwa zimekufa zamani, lakini nilizipanga mufukoni mwa shati, vifuniko nje, watu wahesabu. Ya tano ilikuwa na ncha ya zahabu, na bibi yangu aliiita muke mwenzake. "Ile inapanguswa kila asubuhi," alisema. "Na miye je?"

Siku moja shemeji yangu aliiomba, aandikie barua ya posa. Nikamukatalia mbele ya wageni. "Kalamu inazoea mukono wa mwenyewe, shemeji. Haiazimwi." Maneno hayo niliyaokota kwa muzungu wetu wa buro, mukubwa wa ofisi yetu, nikajiona na miye mukubwa. Shemeji aliandika kwa penseli, na ukweni wakamucheka.

Kisha kule mujini Kasongo wakatafuta karani mukubwa. Kazi hiyo niliitamani miaka! Habari ilitukuta safarini, kijiji cha Wamaza, mimi na muzungu yule, tukiandika watu wa kodi. Lori lilikuwa linarudi Kasongo saa ileile. Muzungu akaniandikia barua ya kuomba, ikabaki sahihi yangu tu. Nikafungua kalamu kwa madaha.

Kavu! Nilikuwa nimemwaga wino mwenyewe, usije ukachafua shati jeupe njiani. Pumbavu mimi! Chupa ya wino ilibaki Kabambare.

"Bwana, niazime yako."

Akaifunika, akaitia mufukoni polepole. "Weye unajua, karani. Kalamu inazoea mukono wa mwenyewe."

Ningemupiga kofi, Mungu anisamehe. Mezani kulikuwa na kisahani cha wino muzito, wa vidole vya wasiojua kuandika. Ningeweza kuchovya ncha yangu mule. Zahabu yangu, katika tope lile? Dereva anapiga honi. Nikachovya kidole gumba, nikakibandika kwenye barua.

Jibu lilipofika, shemeji alikuwa kwetu. Alininyang'anya, akalisoma kwa sauti, bibi yangu akisikia: kule Kasongo wanatafuta mutu anayejua kuandika.

Nilitukana wazungu, nikatukana lori, nikatukana hata shati. Shemeji alinisubiri nimalize. Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio lake.

"Shika, shemeji. Hii inaazimwa."