Anastasie na Msafara wa Kumtafuta Mzungu

Anastasie wa Lweba, kijiji cha kando ya ziwa, enzi za Wabelgiji, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Yeye alianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mchangani, na mume wake, Bonaventure, alizipandisha milimani kuzibadilisha kwa mahindi. Juni ya 1954 Bonaventure alikwenda Lubondja, safari ya siku tatu nne tu. Siku ya nane hajaonekana.

Anastasie akapanda mpaka Fizi, akasimama mbele ya Casimir, karani wa polisi.

"Karani, bwana yangu amepotea. Iko siku nane."

Casimir aliingia kwa mkubwa wake, Mbelgiji, akatoka upesi, macho chini.

"Mama, anasema bwana yako hakupotea. Banaume benu banaendaka Usumbura kutafuta kazi. Rudia nyumbani, ungoje."

"Shati yake ya safi iko nyumbani. Muntu anaendaka kutafuta kazi na nguo ya kubebea samaki?"

Casimir hakuigusa hata kalamu.

Anastasie alikuwa bado Fizi, kwa dada yake, siku mbili baadaye, habari zilipofika kwamba mzungu mmoja mnunuzi wa pamba hakurudi kwake jana. Jua halijapanda, askari thelathini walikuwa njiani, na wapagazi walitakiwa. Anastasie hakukaa kulia. Alijitwisha kikapu cha unga wa askari, akaandamana nao. Kila mlango walipouliza habari za mzungu, yeye aliuliza za Bonaventure.

Siku ya pili, juu ya Lubondja, waliingia kwa Rukunda, mfugaji wa ng'ombe. Mkekani alilala mtu, mguu umefungwa kwa vijiti. Kaporali aliyewaongoza askari alichungulia.

"Si yeye," akasema, akageuka.

"Ni yeye," akasema Anastasie, akitua kikapu.

Bonaventure alikuwa ameteleza korongoni. Rukunda alimwokota hajitambui, na homa ilimzuia kutaja hata kijiji chake. Siku zote hizo mzee huyo alimnywesha maziwa, asijue amwarifu nani.

"Mutusaidie kumubeba," Anastasie alimwomba kaporali.

"Mama, sisi tulitumwa juu ya mzungu."

Wakaenda zao. Mzungu mwenyewe alipatikana kesho yake mjini Baraka, kwa rafiki yake, akicheza karata.

Wana wa Rukunda ndio waliombeba Bonaventure kwa machela mpaka Lweba. Mguu uliunga vibaya, akawa anachechemea, na safari za milimani zikawa za mkewe. Tangu hapo, mtu wa kule asiporudi, ndugu zake walimwendea Anastasie kwanza. Aliuliza alivaa nini na alishika njia gani, kisha akaondoka. Wengi aliwapata. Wawili hakuwapata kamwe, na jamaa zao aliwaambia mwenyewe, akikaa nao chini mpaka wamalize kulia.