Mizizi Iliyolazwa Moshini: Chupa Sita za Latifa wa Chuno

Umepita Chuno mara ngapi, wewe unayesoma? Umepita mbele ya kile chumba chenye bati la buluu, ukaona mwanamke aliyevaa koti jeupe anatwanga mizizi, ukajisemea "hao ni watu wa miradi", ukaenda zako kununua muhogo. Hukusimama. Usikane.

Saa moja na nusu asubuhi, Latifa Chilumba, mwenye miaka 41, anafungua mlango wa chumba hicho. Kabla hata ya kuweka mkoba chini, anagusa ubavu wa friza asikie kama inanguruma. Inanguruma. Ndani kuna chupa sita, kila moja kama kidole cha mtoto, zenye maji ya rangi ya chai. Zikiyeyuka, kazi yake yote imekwenda na maji.

Yeye ni mhudumu wa maabara. Kwa miaka minne, kwa ujira wa shilingi 260,000 kwa mwezi, ametwanga, amelowesha kwenye spiriti na kuchuja dawa za miti kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma. Kisha huidondosha dawa hiyo kwenye sahani zilizooteshwa bakteria wa vidonda. Dawa ikiua, panabaki duara safi kuizunguka. Isipoua, uchafu huota mpaka juu yake.

"Sampuli mia moja na kumi na mbili," anasema. "Elimu yangu ni kidato cha nne, lakini rula najua kuisoma."

Mwaka jana ripoti ikaandikwa kwamba mizizi ya kijiji cha Msimbati haina kitu. Wataalamu wa mradi wakafunga masanduku, wakarudi Dar es Salaam. Latifa akaachiwa funguo, na barua ya shukrani ampelekee Bi Deolinda Saide, mchimba dawa wa Msimbati, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji.

Alimkuta bibi huyo wa miaka 67 anamenya muhogo. Hakutaka kumficha.

"Bibi, ile mizizi yako haikuua kitu."

"Itaua nini, na ilikuwa imelala?"

"Imelala wapi?"

"Juu ya moto, jikoni kwangu. Siku tatu moshini. Ulitaka nikupe dawa iko macho, hujaniambia mgonjwa ni nani, ikamkute mpita njia? Miye sijarukwa na akili, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza urefu wa mti."

Latifa alikaa chini, kwenye maganda ya muhogo. Ndivyo Bi Deolinda alivyofundishwa na mama yake: dawa isiyo na mgonjwa wake hulazwa moshini kabla ya kutoka nyumbani. Mgonjwa akija kwa miguu yake, anachimbiwa mbichi. Watafiti walipokea magunia yaliyolazwa. Moto ulikuwa umeshamaliza kilichokuwamo, wao wakapima mabaki.

Fomu yao ilikuwa na maswali kumi na manne. Urefu wa mti, rangi ya ua, umbali kutoka barabarani. Hakuna swali lililouliza mzizi unafanywa nini kati ya shimo na gunia. Msimbati imezoea. Walikuja watu wa gesi na kalamu zao, wakaja wa miti na kalamu zao, na wote walipojaza karatasi waliona wameshajua.

Siku ileile Bi Deolinda alimchimbia mzizi mbichi. Mti wenyewe hautatajwa hapa. Ukitajwa, kesho utakuta mashimo matupu. Na ukishachimbwa hauguswi tena mpaka misimu miwili ya mvua ipite. Bibi hatavunja mwiko huo kwa ajili ya mtu yeyote.

Latifa akautwanga na kuuchuja, akapata zile chupa sita, na Jumamosi akatumia sahani tatu za mwisho zilizobaki kabatini. Jumapili asubuhi akazifungua. Duara safi. Milimita kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na nane. Akampigia simu mtafiti mkuu.

"Latifa, wewe ni mhudumu. Ripoti imeshafungwa."

"Sibishani na ripoti, dokta. Nakusomea rula."

"Sahani tatu si ushahidi."

"Najua. Ndiyo maana naomba zirudiwe."

Simu ikakatika. Hadi leo akipiga haipokelewi.

Nyumbani, mumewe Mussa ana kidonda mguuni kwa mwaka wa tatu. Dawa za hospitali zimekishindwa, na daktari ameanza kuzungumzia kukata.

"Mke wangu ana dawa kwenye friza," anasema Mussa, "mimi nanuka sebuleni."

"Baba Nasra, kuua kwenye sahani ni jambo moja. Ikiingia kwenye damu yako ikakuua?"

"Utaandika kwenye daftari lako."

Latifa hacheki. Anajua kinachotakiwa: kurudia kipimo, kisha kupima kama dawa inadhuru mwili wa mtu. Anajua pia kwamba kazi hiyo ni ya miaka, na mguu wa Mussa hautasubiri.

"Mguu wake umeshanipita," anasema, sauti ikishuka. "Nimekubali. Ila kuna mwingine ataota kidonda kama hiki, na mimi nitakuwa nimeimwaga dawa kwenye sinki bila kujua ilikuwa dawa au sumu. Hilo silali nalo."

Maana Ijumaa hii, saa kumi jioni, mwenye jengo anachukua chumba chake. Ameshapata mpangaji wa kuweka saruji. Umeme unakatwa. Nyumbani kwa Latifa hakuna friza, na za majirani zimejaa samaki.

Tumaini lake si kubwa: maabara moja izipokee chupa sita, mtu mmoja mwenye mamlaka aruhusu kipimo kirudiwe, na jina la Deolinda Saide liandikwe pale juu ya ripoti, si kwenye barua ya shukrani.

Sasa wewe. Usiniambie inasikitisha. Una friza yenye jenereta? Zitengee chupa hizo nafasi leo. Una ndugu kwenye maabara, chuo, wizara? Mpigie kabla hujakunja gazeti hili. Huna chochote? Una miguu. Nenda kasimame mbele ya ule mlango Ijumaa, uwe shahidi, na anayekuja kukata umeme umuulize kwa sauti amepewa ruhusa na nani kuua kitu ambacho hakijapimwa. Leo ni Jumanne. Inuka.